Maktaba ya Shule si Ghala la Kufungia Vitabu

Leo nataka tuzungumze juu ya chumba kimoja ambacho kimo katika shule nyingi za msingi hapa kwetu mwambao, lakini watoto wengi hukijua kwa mlango wake tu. Chumba hicho ni maktaba. Mahali pengine si chumba kamili, bali ni kabati la mbao lililosukumwa nyuma ya meza ya mwalimu mkuu. Ndani mna vitabu, tena vingine ni vizuri mno, vyenye picha na hadithi. Ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja, na mtu huyo ana shughuli nyingi.

Nimezitembelea shule kadhaa za pwani kwa ajili ya shughuli zangu za mashairi na uandishi, na kila niendapo swali langu huwa ni moja: mtoto wa gredi ya tatu akitaka kitabu cha hadithi leo hii, atakipata vipi? Aghalabu najibiwa kuwa vitabu vipo, alhamdulillahi, tena vimehifadhiwa vyema. Nikiuliza vimesomwa na nani, mazungumzo hugeuzwa, nikaletewa chai.

Hapana shaka vitabu vya kiada vinasomwa, kwa kuwa vina mtihani nyuma yake. Na mwaka wa 2015 ulipoanzishwa mpango wa Tusome katika madarasa ya chini, watoto wengi walipata kitabu cha kushika mkononi, jambo la kushukuriwa. Lakini kitabu cha darasani ni kama dawa: mtoto hukinywa kwa sababu ameambiwa. Kitabu cha maktaba ni chakula. Mtoto hukijia mwenyewe kwa kuwa ameona njaa, na njaa hiyo haiji kwa amri. Huja kwa harufu ya mapishi. Basi swali letu la leo ni hili: harufu hiyo tutaipeleka vipi mpaka kwenye pua ya mtoto?

KITABU KINAPOTOA MGONGO

Tuanze na jambo dogo. Tazameni jinsi vitabu vinavyopangwa. Vimesimama rafuni vimebanana kama abiria katika matatu ya jioni, na kila kimoja kimempa mtoto mgongo. Sisi Waswahili twajua maana ya kupewa mgongo. Mtu akikupa mgongo, hataki mazungumzo nawe. Mtu mzima aliyezoea maktaba husoma maandishi madogo ya mgongoni mwa kitabu akajua kilichomo. Lakini mtoto wa miaka saba, ambaye ndiyo kwanza anaunganisha silabi, ataona nini pale? Ataona ukuta wa rangi rangi tu.

Dawa yake ni kukigeuza kitabu ili jalada limtazame mtoto. Si lazima vyote. Kumi au kumi na viwili vyatosha, na vilivyobaki vikae rafuni kama kawaida. Wala haitakikani fedha nyingi. Kamba iliyotandwa ukutani na vibanio vya kuanikia nguo hubeba vitabu vyepesi. Kipande cha mfereji wa plastiki, ule wa kukingia maji ya mvua paani, ukipigiliwa ukutani huwa rafu nzuri ya kusimamishia majalada. Jambo la kuangalia ni kimo. Rafu iwe usawa wa kifua cha mtoto, si cha mwalimu. Mtoto akihitaji kuomba ateremshiwe kitabu, watoto tisa katika kumi wataona haya, wataondoka.

Jambo la pili ni kubadilisha. Maonyesho yakikaa muhula mzima huwa sehemu ya ukuta, jicho likayapita kama lipitavyo picha ya zamani sebuleni. Kila wiki mbili yapinduliwe. Mtoto aingie akijiuliza, je, leo kuna nini?

LESO UKUTANI

Watu wengi wakisikia habari za kupamba maktaba hufikiria karatasi za manila, kalamu za rangi na michoro iliyonunuliwa dukani. Vitu hivyo si vibaya. Lakini sisi tuna chombo chetu ambacho tayari kina maandishi, kina rangi, na kimo katika kila nyumba. Nacho ni leso.

Leso ina pindo, ina mji, na ina jina lake. Mtoto wa Kiswahili huyaona maandishi hayo mgongoni mwa mamake kabla hajaanza shule. Wengi wetu tulianza kusoma Kiswahili cha hati za Kizungu kwa kuyakodolea macho majina ya leso, tukawauliza wakubwa maana yake, na pengine tukafukuzwa kwa kuwa jina lenyewe lilikuwa fumbo la mtu na jirani yake. Basi mwalimu na aazime leso yenye jina la adabu, aitundike ukutani, na chini yake aweke vitabu vitatu vinavyoingiliana na jina lile. Tuseme leso imeandikwa kuwa haba na haba hujaza kibaba. Chini yake pawekwe kitabu kinachoeleza jinsi mchwa wanavyojenga kichuguu, kitabu cha hesabu za dukani, na hadithi ya mtu aliyeweka akiba. Mtoto mmoja aulizwe asome jina la leso na aeleze kwa nini vitabu hivyo vimekaa pamoja. Hapo ameshafikiri, na hajafungua hata ukurasa mmoja.

MEZA YA ABUNUWASI

Maonyesho mazuri huwa na mnyororo ndani yake: kitu kimoja humvuta mtoto hadi kingine. Chukueni Abunuwasi. Ni mtoto gani wa mwambao asiyemjua? Pawekwe juu ya meza kitabu cha hekaya zake. Kando yake pawekwe ramani, na uzi mwekundu utoke Mombasa upite baharini hadi Basra, upande hadi Baghdad. Pawekwe kadi yenye maneno machache, kwamba Abunuwasi hakuwa mtu wa kubuniwa tu: alikuwako mshairi wa kweli aitwaye Abu Nuwas, katika zama za Khalifa Harun Rashid, aliyetawala kuanzia mwaka wa 786 hadi 809. Kisha pawekwe kitabu cha punda na wanyama wa kufugwa, kwa kuwa hekaya za Abunuwasi hazikosi punda, na mtoto wa Lamu anao punda mlangoni. Mwisho pawekwe swali la hesabu lililoandikwa kama kisa chake. Mtoto aliyekuja kwa ajili ya kucheka ataondoka na jiografia, tarikhi, wanyama na hesabu.

Au bahari. Watoto walete makombe, kipande cha jarife, na kama inawezekana dema dogo la kutegea samaki. Waandike majina ya samaki wanaowajua: changu, tafi, kolekole, nguru. Halafu wakawatafute kitabuni. Hapa kuna siri ambayo nimeiona kwa macho yangu. Mtoto wa mvuvi, ambaye darasani hukaa nyuma na kusoma kwa kusitasita, siku hiyo huwa mwalimu. Anajua samaki yupi hutoka mwezi ukiwa mpevu. Akiona kuwa kitabu kinasema analolijua yeye, huacha kukiogopa.

Kalenda nayo hutusaidia. Kabla ya Ramadhani kuandama, meza iwe ya mwezi na nyota: kwa nini mwaka wa Hijra una siku 354 au 355, na ndiyo sababu mfungo husogea siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Katika Mfungo Sita, vitabu vya sira ya Mtume, sala na salamu zimshukie. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, kama ilivyotangazwa na UNESCO mwaka wa 2021. Siku hiyo waonyeshwe watunzi wetu. Wasimuliwe Muyaka bin Haji wa Mombasa. Wasimuliwe Mwana Kupona, ambaye mnamo mwaka wa 1858 alimwandikia binti yake utendi wa kumuusia. Mtoto wa kike akijua kwamba moja kati ya tungo mashuhuri za lugha yake iliandikwa na mama kwa ajili ya binti, atajiona kuwa na haki ya kushika kalamu.

KUSOMEWA, KUSOMEANA

Lakini vitabu vikipambwa bila ya kusomwa, tumefanya arusi bila ya bibi arusi. Maonyesho humleta mtoto mlangoni. Kinachomketisha ni shughuli ya kusoma.

Ya kwanza ni kusomewa. Robo saa tu, kila siku, watoto wakiwa wameketi mkekani, mwalimu awasomee kwa sauti, abadili sauti ya sungura na ya fisi, kisha afike penye fundo la kisa, afunge kitabu. Mbinu hiyo si ngeni. Ndiyo iliyomwokoa Shahrazadi katika Alfu Lela Ulela, kwa kuukatiza usiku hadithi ikiwa bado tamu. Kitabu kikiachwa juu ya meza, mtanipa habari ya msukumano utakaotokea.

Ya pili ni mkubwa kumsomea mdogo. Sisi tuliopita chuoni twalijua jambo hili. Mwalimu wa chuo alikuwa mmoja na wanafunzi sabini, na bado kila mtoto alisoma, kwa sababu aliyefika mbele alimshika mkono aliyeko nyuma. Mtoto wa gredi ya sita na wa gredi ya kwanza wakae pamoja na kitabu kimoja. Faida ya mdogo inaonekana wazi. Faida ya mkubwa imejificha. Katika kila shule wamo watoto wakubwa ambao kusoma kwao ni dhaifu, nao wanaona haya kuonekana na kitabu chepesi. Ukiwaambia wamsomee mdogo, wamepata ruhusa ya kukisoma kitabu chepesi bila ya kuchekwa. Heshima yao imehifadhika, na ulimi wao unanyooka.

Ya tatu ni vitendawili. Mwalimu aandike vitendawili au maswali kumi kwenye kadi, na majibu yawe yamo ndani ya vitabu vilivyo mezani. Ngome ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka gani? Atakayeifungua tarikhi ya mji wake ataiona 1593. Asiambiwe jibu. Mtoto aliyelitafuta mwenyewe hatalisahau.

Ya nne ni khitima ya kitabu. Mtoto alipohitimu chuoni, mji ulijua. Kwa nini mtoto anayemaliza kitabu chake cha kwanza cha hadithi amalize kimya kimya? Jina lake lisomwe mbele ya wenzake, aeleze kisa kwa maneno yake, wenzake wamuulize maswali, na pakipatikana tende mbili tatu, si vibaya. Lakini nawasihi walimu wasiigeuze kuwa mashindano ya nani amesoma vitabu vingi zaidi. Mkitoa zawadi kwa idadi, watoto watachagua vitabu vyembamba, na wengine watasema wamesoma wasivyovisoma. Tutakuwa tumewafundisha uongo kwa jina la elimu.

Ya tano, kila aliyesoma aandike sentensi mbili kwenye kijikaratasi: jina lake, na lililompendeza. Kijikaratasi kikae ndani ya jalada. Mtoto humwamini mtoto mwenzake kuliko anavyomwamini mwalimu, na sifa iliyotoka kwa Amina wa dawati la pili ni tangazo lisiloshindika.

SAA YA CHUO

Hapa sina budi kusema neno kwa shule zetu za mwambao hasa. Nimeona shule ambazo maktaba hufunguliwa saa kumi jioni, masomo yakiisha. Waliopanga saa hiyo hawakuwa na nia mbaya, lakini hawakumfikiria mtoto wa Kiislamu. Saa kumi mtoto huyo anakimbilia nyumbani, aoge, avae kanzu au buibui, aende madrasa. Jumamosi asubuhi vile vile yuko madrasa. Basi maktaba ya jioni na ya Jumamosi humfaa mwenzake, yeye humpita. Miaka inapita, kisha watu husema ati watoto wetu hawapendi kusoma!

Maktaba ifunguliwe mapumziko ya asubuhi na wakati wa chakula cha mchana, na kila darasa liwe na kipindi chake kimoja kwa wiki ndani ya ratiba. Na Ramadhani ikifika, wakati ule wa mchana ambao wenzao wanakula, watoto waliofunga hupaswa kuwa mahali pa kivuli na utulivu. Ni mahali gani pazuri kuliko mkekani, miongoni mwa vitabu?

Wapo pia wazee, nami nawaheshimu, wanaoona kuwa vitabu vya hadithi ni upuuzi utakaomtoa mtoto katika Kurani. Hofu yao isidharauliwe. Ni haki ya mzazi kujua mwanawe anasoma nini, na shule ingefanya vyema kuwaita wazazi wachache waketi na walimu wakati wa kuchagua vitabu. Lakini tukumbuke kuwa neno la kwanza aliloshushiwa Mtume wetu lilikuwa amri ya kusoma. Tukumbuke kuwa hapa hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni asiye na shaka, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka wa 1932 ili watu wasome mambo ya dini yao na ya dunia yao. Na hadithi za bibi zetu, kwa paukwa na pakawa, hazikumtoa mtu chuoni. Ulimi uliozoea kusoma kimoja hupata wepesi wa kusoma kingine.

HOFU YA KUPOTEA

Sasa nirudi kwenye ule ufunguo. Mwenye kuushika hana ubaya. Anaogopa. Kitabu kikipotea, yeye ndiye atakayeulizwa. Hofu hiyo ni ya kale. Huko Ulaya vitabu viliwahi kufungwa kwa minyororo rafuni, na maktaba ya namna hiyo ingali ipo katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza. Lakini mwaka wa 1931, huko Madras nchini India, mkutubi aliyeitwa Ranganathan alitoa kitabu cha kanuni tano za maktaba, na ya kwanza ni kwamba kitabu kipo kwa ajili ya kutumiwa. Mengine yote yaja baadaye.

Natufanye hesabu. Tuseme shule ina vitabu 300, ikavifungua kwa watoto, na kwa mwaka vikapotea au kuraruka 15. Vimebaki 285, na watoto wamesoma. Shule ya pili imevifunga vyote. Mwisho wa mwaka inavyo 300, na hakuna aliyesoma. Ni ipi iliyopata hasara? Tena huku kwetu hata hiyo 300 ni ndoto. Hewa ya bahari ina unyevu, na kabati lililofungwa miezi bila ya kupata upepo huotesha ukungu. Mchwa hawaombi ufunguo. Nimekabidhiwa vitabu vilivyokuwa vipya, havijawahi kufunguliwa na mtoto hata mmoja, kurasa zimegandana na zina madoa ya kahawia. Kitabu kilichochakaa kwa kushikwa na mikono midogo kimekufa shahidi. Kilichooza kabatini kimekufa bure.

Wala sisemi mlango uachwe wazi ovyo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Liwepo daftari la kuazimia, na waandishi wake wawe watoto wenyewe, wawili wawili kwa zamu. Mtoto aliyepewa amana hulinda kuliko askari. Vitabu vivikwe majalada ya karatasi ngumu au plastiki. Rafu zisigusane na ukuta wala sakafu, wala jua la adhuhuri lisivipige. Mara moja kwa muhula iwe siku ya kuuguza vitabu: gundi, sindano na uzi, na watoto washone wenyewe walivyoviraruа. Na namba za mfumo wa Dewey, zilizotolewa mwaka wa 1876, zinazowatia walimu wengi kiwewe, zaweza kungoja. Kwa watoto wadogo yatosha utepe wa rangi: kijani wanyama, buluu bahari, nyekundu hadithi, nyeupe dini.

Tukidhani kuwa haya ni ya shule zenye mali, tuwakumbuke ndugu zetu wa Garissa. Mwaka wa 1996 Huduma ya Maktaba za Kitaifa ilianza kuwapelekea watu wa huko vitabu kwa ngamia. Masanduku yalipandishwa mgongoni mwa ngamia, hema ikapandishwa kwa mwingine, safari ikapita mchangani hadi waliko watoto wa wafugaji. Hema ikisimamishwa na mikeka ikitandikwa, hiyo ndiyo maktaba. Hapakuwa na jengo, hapakuwa na kabati. Ikiwa kitabu kiliweza kumfuata mtoto jangwani kwa miguu ya ngamia, kinashindwa nini kutoka kabatini hadi mkekani, hatua nne?

Basi, wazazi wenzangu, mkutano wa shule utakapoitishwa tena, baada ya kuzungumzia karo za ziada na choo kilichovunjika, mtu mmoja asimame aombe mambo matatu: ufunguo utoke mfukoni, saa ya maktaba itiwe katika ratiba, na mkeka utandikwe. Leso itatoka nyumbani, na hadithi zipo tele. Mimi nawaachia ubeti huu, atakaye na aubandike mlangoni:

Kitabu si cha kufungwa, kabatini kikaoza,
Kwa makufuli kupingwa, na watoto kuwaliza,
Rafuni kikishapangwa, mwana huja kuuliza,
Fungueni wana wetu, wasome na kuongoza.